Tundu la Saba

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Lori limetapika tena. Dakika nane tu baada ya kuliwasha, mshale wa joto ukagonga mwisho, mvuke wa rangi ya kutu ukapanda hadi kwenye kamba ya kuanikia na kulowesha vitambaa vyeupe vya viti vya mke wangu. Vitambaa themanini. Vilikuwa vimefuliwa asubuhi.

Nimegundua chanzo! Pampu ya maji, ile inayozungusha maji ndani ya injini ili isichemke. Mhimili wake unacheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Nilitangaza ugunduzi huu wakati wa chakula. Mke wangu akasema yeye pia amegundua jambo. Amegundua kwamba mtu anayekodisha viti vya sherehe, mwenye viti mia tatu sebuleni, hana mahali pa kukaa nyumbani kwake. Ni kweli tulikuwa tunakula tumesimama. Anautaka ua wake ajenge banda la viti, na uani kuna lori la jeshi lililonizidi umri.

Amekwishaongea na Mzee Sumaku, mnunuzi wa vyuma chakavu aliye mwisho wa mteremko wa mtaa wetu. Sharti lake ni fupi. Kufikia Jumamosi saa sita mchana, lori litoke getini na lirudi kwa nguvu zake lenyewe. Likifanya hivyo, atalivumilia nje, kando ya ukuta. Lisipofanya, Sumaku atalikata vipande.

Siku tano! Jeshini tuliwahi kuhamisha kambi nzima kwa siku tatu. (Mimi nilibaki nyuma kuhesabu blanketi.)

Niandike ukweli hapa, maana hapa hasomi mtu. Miaka ishirini na moja nilikuwa mtunza bohari wa kambi. Kila nati ya lori hili ilipita mikononi mwangu. Nilitoa matairi, nikasaini. Nilitoa betri, nikasaini. Wengine wakaendesha. Aliyeliendesha kuliko wote ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye mpaka leo ananiita Bohari mbele za watu. Lilipopigwa mnada nikalinunua, likaburutwa hadi uani, na huu ni mwaka wa nne liko hapo. Sijawahi kuliendesha barabarani hata hatua kumi. Nataka mara moja tu kabla sijafa, au kabla halijafa lenyewe.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Nimefungua pampu. Boliti saba. Sita zimetoka kwa adabu, ya saba imetoka kwa matusi.

Mtu asiye na elimu ya bohari angebeba pampu kuukuu kwapani akazunguka nayo madukani, mafuta yakimchuruzika. Mimi hapana. Bohari haipokei chuma mkononi mwa mtu, inapokea karatasi. Chuma hupata kutu. Karatasi iliyosainiwa haipati. Kwa hiyo nimetengeneza hati.

Njia yenyewe ni ya mafundi wa zamani. Unalaza kadibodi juu ya uso wa pampu, unagongagonga kwa nyundo pembeni mwa chuma, kingo zinajikata zenyewe na kila tundu linatokea mahali pake. Nimetumia mfuniko wa boksi la viatu vipya vya mke wangu. Upande mmoja unang'aa na una picha ya kiatu chekundu, wa pili ni wa kijivu. Nililaza picha ikiwa juu. Kazi safi! Matundu sita yamepangana vizuri, na la saba limejitenga pembeni kama mgeni asiyejua wenyeji wake.

Kilichosumbua ni kuandika. Kalamu iligoma kwenye upande unaong'aa, wino ukawa unafutika. Nikageuza, nikaandika upande wa kijivu: PAMPU YA MAJI. UPANDE WA JUU NI HUU. Nikatia sahihi, tarehe, na muhuri wa bohari, ambao kwa bahati mbaya nilisahau kuurudisha siku ya kustaafu.

Kisha duka la spea nyuma ya soko. Mwenye duka ni mama wa makamo, miwani imening'inia shingoni kwa kamba. Ana rafu kumi na nne na mpangilio wake unaniumiza moyo. Nilipomtajia lori hakuuliza mara mbili. Akapanda ngazi, akashuka na kitu kilichofungwa kwenye karatasi ya mafuta, akasema ni hii, imebaki moja.

Nikailaza hati juu yake, maandishi juu, kama hati yenyewe inavyoagiza. Matundu sita sawa. La saba? Hati inasema kushoto, pampu inasema kulia. Mama wa spea akaniomba nilete ile kuukuu tulinganishe chuma kwa chuma. Nikamweleza kwa upole kwamba hapo ndipo bohari nyingi hufia, nikampa somo fupi la dakika ishirini kuhusu utunzaji wa kumbukumbu. Akavaa miwani, akaendelea kula karanga zake.

Nimeondoka na heshima yangu. Pampu nimemwachia.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Nimevuka mji hadi soko la magari mabovu. Fundi wa kwanza aliuliza pampu ni ya gari gani. Nikamwambia asiulize gari, asome hati. Akaisoma. Akasifu mwandiko. Pampu hana.

Wa pili anayo, imetoka kwenye lori kama langu. Nikaweka hati. Sita sawa, la saba kulia. Kulia tena! Alikuwa tayari kunitobolea tundu jipya kushoto kwa drili. Nikakataa. Sijafikia huko. Wa tatu naye alileta ya kwake, imefungwa bado katika boksi la kiwandani. Sita sawa, la saba kulia.

Nilikaa juu ya tairi nikatafakari. Pampu tatu, kutoka kwa watu watatu wasiojuana, zote zimekosewa upande ule ule. Hii si bahati mbaya. Kuna kiwanda mahali kilikosea na dunia nzima ikanyamaza. Mafundi walinikubalia wote watatu. Mmoja alikubali huku amenipa mgongo na mabega yakimtikisika, nadhani kwa hasira.

Niliporudi nimeandika barua ya malalamiko kwa kiwanda, kurasa mbili. Anwani sina. Nimeiweka kwenye jalada la barua zinazosubiri anwani, ambalo sasa ni zito.

Shemeji alipita kuulizia afya ya dada yake. Afya ya dada yake aliiulizia kwa neno moja, kisha akakaa saa nzima kuulizia pampu. Alikwishasikia habari zangu kwa mama wa spea. Akaniambia kwa raha zote kwamba ile pampu niliyoikataa ameinunua yeye. Nikamuuliza ya nini. Akasema ameipenda tu.

Ameipenda tu! Mtu hana gari, ana baiskeli. Sasa namwelewa. Anataka lori likatwe ili nisije kuliendesha nikawa sawa naye. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kinakunywa chai yangu.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Mfa maji haishi kutapatapa. Lakini mimi si mfa maji, mimi nina mpango.

Mke wangu ana kuku mmoja mweusi anayempenda kuliko mashemasi wa kanisa zima. Na ana sheria moja isiyovunjwa: kuku anayeatamia hahamishwi mpaka atotoe. Siku ishirini na moja. Katika siku ishirini na moja kiwanda kinaweza kunijibu!

Saa tatu asubuhi, mke akiwa bombani, nilichukua mayai manane kwenye bakuli jikoni. Nikatandika nyasi kwenye kiti cha abiria cha lori. Nikamkalisha kuku, nikamfunika tenga mpaka akakubali hali halisi. Kisha nikaenda kumwita mke wangu kwa uso wa huzuni, uso niliouzoeza mbele ya kioo.

Alikuja na Mzee Sumaku, aliyefika kupima lori. Jina lake limetokana na sumaku aliyoifunga kwa uzi, anayoibandika kwenye kila kitu anachokitazama. Alikwishaibandika kwenye mlango wa lori langu. Niliwaonyesha kuku. Nikasema mimi si mtu wa kupinga makubaliano, ila mama na mayai yake, dhamiri itatusuta. Sumaku akavua kofia. Akasema hata yeye alizaliwa na mama, kazi inaweza kusubiri. Nikaona mambo yamekwiva.

Mke wangu alisogea hadi mlangoni mwa lori. Alipitisha mkono chini ya kuku, akatoa yai, akaligonga kwenye usukani. Akalimenya. Akauliza kama kuna mwenye chumvi.

Yalikuwa yamechemshwa. Yalikuwa ya chakula cha mchana. Katika nyumba hii hakuna anayeweka alama kwenye chombo chochote, nimelisema hili kwa miaka.

Sumaku alikula mawili. Jumamosi iko palepale. Kuku aliendelea kuatamia yaliyobaki hadi alasiri, na leo ni yeye peke yake aliyeniamini.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Siku nzito. Naandika polepole.

Shemeji alikuja saa kumi na kile kifurushi cha karatasi ya mafuta. Akakiweka mezani katikati ya viti. Akasema aliinunua Jumanne ili isije ikachukuliwa na mtu mwingine kabla sijapata akili. Nilicheka kicheko cha mtu mwenye ushahidi. Nikaleta hati, nikailaza, maandishi juu. Sita sawa. La saba kushoto kwenye hati, kulia kwenye chuma. Nikawaambia watazame wenyewe, mwenye macho haambiwi tazama.

Mke wangu aliingia na vikombe. Alitafuta pa kuviweka, akaona kadibodi, akauliza kwani huu si mfuniko wa boksi la viatu vyake. Akaunyanyua. Akaugeuza kuangalia picha ya kiatu, akaurudisha juu ya pampu vilevile, picha ikiwa juu.

Matundu saba. Yote saba. Mwanga ukapita.

Mke wangu akasema anaenda kuleta sukari. Sukari ilikuwa mezani.

Nikaeleza kwamba unyevu wa hewa unajulikana kugeuza kadibodi. Shemeji akasema ni kweli, unyevu una mambo yake. Kisha akasogeza pampu upande wangu na kuacha mkono wake juu yake.

"Chukua. Ila kesho naendesha mimi."

Nilimwambia hapana. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, viti vikaitikia.

"Shemeji, miaka ishirini na moja nilikukabidhi funguo za hilo lori. Kila asubuhi. Hata siku moja hukuniambia, panda, shika usukani."

Alizungusha kikombe chake. Hakuniita Bohari.

"Hukuwahi kuomba."

"Fomu za kuomba nilikuwa nazo mimi mwenyewe. Niliogopa utacheka."

"Ningecheka," akasema. "Halafu ningekupandisha."

Macho yaliniwasha, nikasingizia vumbi la viti. Alitoa mkono juu ya pampu. Tumekubaliana: nitaendesha mimi, yeye atakaa pembeni, kimya kadiri atakavyoweza.

Alipokuwa anaondoka aliuliza kama nimekagua breki, maana gari lililosimama miaka minne huwa limekausha mipira yote. Nikamletea kitabu cha lori, nikamwonyesha mstari: breki zimebadilishwa, sahihi yangu hii hapa. Akauliza sahihi ni ya mwaka gani. Nikamwambia sahihi haina mwisho wa matumizi.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Pampu imeingia! Saa mbili asubuhi tulikuwa uani, shemeji na mimi, viwiko vimelowa mafuta. Pampu ilihitaji gasketi ya kuzuia maji yasivuje, na gasketi haikuwepo. Shemeji akachukua hati yangu, akaipaka grisi pande zote mbili, akaibana katikati ya chuma na chuma. Sahihi yangu, tarehe na muhuri viko ndani ya injini sasa. Sijawahi kupata heshima kama hiyo.

Tukaliwasha. Dakika nane zikapita. Ishirini zikapita. Mshale wa joto ulisimama katikati na hautikisiki. Majirani walitoka milangoni. Mke wangu alikuwa getini na saa yake mkononi, amevaa vile viatu vyekundu. Ilikuwa saa sita kasoro dakika tano.

Nikapanda. Ndani kunanuka kuku. Usukani ni mpana, unaushika kwa mikono miwili kama unambeba mtu. Niliingiza gia ya kwanza, lori likajivuta, geti likapita kushoto, geti likapita kulia, na nikawa barabarani. Mimi! Nilipiga honi. Nilimpungia kinyozi. Nilimpungia hata jirani ambaye hatusalimiani tangu kesi ya mfereji. Shemeji alikuwa ametazama mbele, anatabasamu kama aliyekabidhiwa kitu chake. Nilimwambia kwamba ni rahisi kuliko walivyokuwa wanatuaminisha madereva. Akasema ndiyo.

Mwanzo wa mteremko nikakanyaga breki ili nigeuze lori turudi nyumbani. Kanyagio likazama hadi sakafuni bila kukutana na kitu. Nikalikanyaga tena. Lilikuwa limeshalala.

Shemeji aliuliza kwa utulivu mkubwa zile breki zilibadilishwa mwaka gani. Nikamtajia. Akavuta breki ya mkono, ikabaki mkononi mwake. Akaitazama, akaiweka juu ya nyasi za kuku, miguuni pake.

Hatukwenda kasi sana. Gia ya kwanza ilituzuia, tukateremka kwa mwendo wa mtu anayekimbia mvua. Honi ilifanya kazi. Kila mtu alipisha, pamoja na mbuzi wawili na mwalimu mmoja. Mwisho wa mteremko kuna geti moja tu, na leo lilikuwa wazi pande zote mbili, kwa sababu mwenye nalo alikuwa anasubiri mzigo mkubwa. Tukaingia. Tukapanda lundo la mabati, tukashuka, tukasimama katikati ya uwanja wa Mzee Sumaku, kati ya mashine ya kukatia na mizani.

Saa sita kamili.

Sumaku alitoka kibandani akifuta mdomo. Alitazama lori, akatazama saa. Akasema ndiyo kwanza alikuwa anajiandaa kuja kwetu, kwa kweli tusingejisumbua. Akabandika sumaku.

Hakuna aliyeumia. Kioo kimoja cha pembeni kimevunjika na madebe ya watu yamebonyea. Mke wangu aliteremka kwa miguu, polepole kwa sababu ya viatu.

"Nilisema litoke na lirudi," akasema. "Umetimiza nusu."

Shemeji akasema mbio za sakafuni huishia ukingoni, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Na mimi nikacheka, sijui kwa nini. Nimeendesha mita mia nne. Mia tatu za mwanzo nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mtaani.

Mshale wa joto ulikuwa katikati mpaka mwisho. Naomba hilo lizingatiwe.

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Uani kumechimbwa mashimo manne ya nguzo za banda. Wametoka kuchimba sasa hivi. Mke wangu anaimba.

Habari njema imeletwa na Sumaku mwenyewe. Hatalikata lori mpaka Jumamosi ijayo. Nikiliondoa kwake kwa nguvu zake lenyewe, ni langu na litakaa kando ya ukuta. Nilimuuliza huruma hiyo ameitoa wapi. Akaangalia pembeni, akasema kuna mtu alimwomba jana, mtu mwenye viatu vyekundu. Sijamuuliza mke wangu. Nimemwoshea vitambaa themanini, vimebaki na kutu kidogo tu.

Kinachotakiwa ni pampu ya breki. Shemeji alishuka asubuhi, akaifungua ile mbovu, akaifunga kwenye gazeti na kunipa mkononi. Akanifumbatisha vidole kwa mikono yake miwili, kama anayempa mtoto ujumbe wa kupeleka kwa jirani. Kesho niende nayo hiyohiyo kwa mama wa spea. Nisiende na kitu kingine. Chuma kwa chuma. Akataka niape, nikaapa.

Ni mtu mwema, lakini alikuwa dereva. Mambo ya bohari hayajui.

Alipoondoka nilifungua gazeti nikaitazama ile pampu. Uso wake una matundu matatu, moja limejitenga. Inachuruzika mafuta. Hakuna mtu mwenye heshima zake anayeweza kutembea sokoni na kitu kama hicho. Mfuniko wa boksi la viatu umeishia kwenye injini, lakini boksi lenyewe lipo. Nimekata ubavu wake mmoja, nikaulaza upande unaong'aa ukiwa juu, nikagonga kwa nyundo. Kazi safi kuliko ile ya kwanza.

Kalamu imegoma tena kwenye upande unaong'aa. Nimegeuza, nimeandika upande wa kijivu: PAMPU YA BREKI. UPANDE WA JUU NI HUU.

Safari hii haliwezi kutokea kosa lolote. Nimegonga muhuri mara mbili.